Myaka Musonda Alijiongeza

Kila asubui, mbele ya kuanza kazi, pa banc ya Mama Kapinga, kiti murefu ya mbao, kahawa inauzishwa na maneno inatolewa bure. Leo Musonda alifika uso umefinyana. Myaka makumi mbili na ine alikuwa anatoboa karte, makaratasi nguvu ya mashini ya hesabu, ku kompani ya shaba, na jana balibandika tangazo: ordinateri mupya, mashini ya kuhesabu yenyewe, inakuya. Benye kuwa chini ya myaka makumi ine batafundishwa, bengine bataenda kulinda depo. Kitambulisho yake ilisema alizaliwa 1932, na siye tuko mu 1974.

— Lakini ile 1932 iko ya bongo, ya kudanganya! Musonda alisema. Balikuwa banakamata bantu bakubwa tu mu kazi. Nilikuwa mutoto. Nikasema niko na kumi na munane, karani akaandika.

Chanda anafagiaka ku tribunali, nyumba ya sheria, njo maana banamuita Avoka, wakili. Aliweka kikombe chini.

— Bon, sitwayen, mwananchi. Utafute bashahidi babili, bainue mukono balape kama ulizaliwa 1936. Haraka haraka haina baraka, basi kimbia leo leo!

— Utakuwa shahidi wangu?

— Miye? Nilizaliwa 1941, ndugu. Niliona nini?

Ngosa, ule wa kujua habari yote, banamuita Radio, alicheka.

— Tribunali ya nini? Ile ordinateri inalalaka mu chumba ya baridi. Ikishikwa na vidole ya muzee, inajua. Inazimika!

— Shee! Musonda alijibu. Nilishika mashini mbele baba yako ajue radio iko nini.

— Basi kufa! Radio alisema. Tulie matanga, tukuzike ku karatasi, kiisha uingie kazi kama mudogo yako. Majina ya batizo tuliacha yote siku moja, serikali ilisema tu. Myaka njo itatushinda?

— Na bibi yake atakuwa mujane wa nani? Mama Kapinga aliuliza.

Bote bakacheka, Musonda hapana. Yeye, mwenye kusikia kosa ya mashini kwa sauti tu, bamupe filimbi na koti ya mvua ya mulinzi! Ilimuuma sana.

Mama mumoja wa kuuzisha samaki ya Kasenga alikuwa anangojea kahawa yake. Akauliza polepole:

— Samahani, baba. Kwa kweli kabisa, uko na myaka ngapi?

Musonda akaanza kuhesabu ku vidole. Mama yake alisemaka tu kama alizaliwa mwaka mvua iliozesha mihogo, na mama alikufa zamani. Akatazama Avoka. Avoka akatazama Radio. Radio akakunywa kahawa.

— Sijui, mama. Nilijua tu kama nilidanganya.