Sista Aliyefukua Ndoo Yangu

Wenzangu wa wodi ya wazazi, na nyote mnaosoma jarida letu, salamu nyingi. Hamjambo? Miguu inasemaje baada ya zamu? Yangu inalalamika, lakini namshukuru Mungu.

Mkunga wetu, tuliyezoea kumwita Sista Kipimajoto, anastaafu tarehe thelathini Juni baada ya miaka thelathini na miwili ya kazi. Wenye maneno mazuri wapo, ila nimeambiwa niandike mimi, mfagiaji. Nadhani ni kwa sababu hakuna aliyemsumbua kuliko mimi.

Alianza wodi ikiwa na vitanda sita na bomba moja. Adui yake tangu siku ya kwanza ni homa ya uzazi. Mzazi haguswi na mtu asiyenawa. Daktari mmoja alirudishwa kwenye karai mara mbili, akaenda kunawa kama mtoto wa chekechea. Mama akimwambia yuko salama, Sista hufurahi kusikia hivyo, huku anamtia kipimajoto kwapani.

Sasa aibu yangu. Miaka minane iliyopita mke wa kijana wangu alijifungulia kwetu. Siku ya tatu akaanza kutetemeka. Mimi mjuaji nikasema ni baridi tu, nikamwongezea blanketi, nikamwombea. Pedi zake nilizitupa upesi, nikamwaga dawa ya manukato, wodi nzima ikanukia kama chumba cha bibi harusi. Nikajipongeza.

Sista alipoingia akauliza pedi ziko wapi. Nikamwonyesha ndoo, imefunikwa vizuri, nami nimevimba kichwa. Akavaa glavu, akaifukua, akanusa. Kipimajoto kikasoma thelathini na tisa na nusu. Kizazi kilikuwa kimepata maambukizi, na usafi wangu ndio uliokuwa unaficha harufu mbaya ya damu, dalili yenyewe. Daktari akaitwa, dripu ikatundikwa, sindano zikaanza papo hapo. Mimi nilitumwa nikaombee nje, maana nilikuwa nimekanyaga mpira wa dripu.

Siku mbili mkwe wangu hakutujua. Siku mbili Sista hakumwacha. Ya tatu akaomba uji, nami nikalia hadi nikafanya sakafu iteleze.

Sista hakunigombeza. Alisema tu kwamba sala zangu anazipenda, ila siku nyingine nimwite kwanza, ndipo nipige magoti. Tangu hapo pedi haitupwi kabla mkunga hajaiona, na askari wa sheria hiyo ni mimi. Wakunga wapya wakiniona na ndoo, wananikimbia.

Sista, asante kwa mkwe wangu, na kwa wake wa watu wengine wengi. Mungu akupe asubuhi ndefu za kulala bila kuamshwa na mtu.

Ila nina jambo. Mkwe ana mimba tena, ya miezi saba, atajifungua ukiwa umeshastaafu, na kila siku ananiuliza nani atakuwepo siku hiyo. Nimemwambia uliowafundisha wapo, na ndoo sitaifunika. Bado anakutaka wewe. Je, utakuja, hata kama mgeni tu? Tafadhali nijibu mapema.