Zinanitosha

Fundi viatu hakuweza kujizuia. Buti zilikuwa zimechomoza kwenye mfuko wa mama aliyekaa naye kiti kimoja basini, akaibonyeza moja kwa kidole gumba bila hata kuomba ruhusa. "Mali safi hii, mama. Maji hayapiti, na ndani manyoya. Za nani?"

"Za mume wangu, anapanga samaki kwenye chumba cha barafu. Nilimnunulia mimi."

"Alizijaribu na soksi nzito?"

"Hapana, kwa mguu mtupu. Nikamuuliza, zinakutosha? Akasema, zinanitosha."

Fundi akaguna. Akaeleza kwamba buti ya baridi ikibana, damu haifiki vidoleni, na manyoya yote yale yanabaki pambo. Mimi, kiti cha nyuma, nikajikuta nachezesha vidole ndani ya viatu vyangu.

"Wamemkata vidole viwili," mama akasema. "Sasa ndio ananiambia zilimbana tangu siku ya kwanza."

"Basi kosa lake, mama. Si angesema?"

"Aliona nilivyofurahi. Na mimi namjua, fundi. Hata chakula kikibaki kijiko kimoja, anasema, kinanitosha."

"Bado kosa lake," fundi aling'ang'ana, kana kwamba ndiye aliyeulizwa.

Basi likasimama mbele ya hospitali. Mama akainuka, akatoa mfukoni kandambili mpya za wodini. "Hizi nimechukua kubwa," alisema, "na safari hii simuulizi."