Begi la Dada Mrefu

Shangazi: Haloo? Haloo! Nani mwenzangu? Namba hii siijui.

Chiriku: Shikamoo, shangazi. Ni mimi.

Shangazi: Mimi nani? Leo kila anayepiga ni "mimi". Tangu asubuhi simu hii haijapoa.

Chiriku: Mimi Chiriku. Natumia simu ya dobi wa hapa hotelini. Yangu… yangu imeisha chaji.

Shangazi: Marahaba. Imeisha chaji au umeizima?

Chiriku: Upo nyumbani, shangazi?

Shangazi: Nitakuwa wapi? Sema kwa nguvu, huko kuna ngurumo kama kinu cha kusaga.

Chiriku: Mashine za kufulia hizo. Nimejibanza huku nyuma ya mashuka. Shangazi, Dada Mrefu yupo?

Shangazi: Yupo. Kajifungia chumbani kwake. Nimesimama nje ya mlango na kikombe chake cha chai, imeshapoa, nzi anaizunguka.

Chiriku: Anafanya nini ndani?

Shangazi: Anapanga nguo. Akitoa moja, henga inagonga kabati. Zinagonga tu, moja baada ya moja, kama mtu anayenihesabia.

Chiriku: Jamani! Anakwenda wapi?

Shangazi: Hajaniambia. Teksi inakuja saa tisa na nusu. Kaiita mwenyewe, kwa simu, na mimi nasikia hapa nje. Miaka mitatu amepanga kwangu, hajawahi kuita teksi bila kuniuliza, "Shangazi, nikushushe sokoni?" Leo hata chai hataki.

Chiriku: Na wale… wameshakuja?

Shangazi: Wale kina nani?

Chiriku: Wale wamama. Wa kundi la kuogelea.

Shangazi: Ala! Umejuaje kama kuna wamama waliokuja?

Chiriku: Si… huku watu wanaongea, shangazi. Hoteli nzima inaongea.

Shangazi: Walikuja saa nne. Watano, Mama Saluni mbele. Hodi hawakupiga. Simu kaiinua juu hivi kama amepata hati ya mahakama. "Mwenye nyumba, ulikuwa unajua unafuga nini humu?" Kufuga! Kama nimeweka mbuzi chumba cha uani.

Chiriku: Wakakuonyesha.

Shangazi: Wakanionyesha. Picha ya pasi yake ya kusafiria, ukurasa ule wenye sura. Penye jinsia pameandikwa mwanamume. Mama Mapacha alicheka mpaka akakaa kwenye ndoo yangu, ndoo ikapasuka. Mwingine yeye ni "watoto wetu, watoto wetu". Nikamwuliza, mtoto wako amefanywa nini? Akasema, "Hajafanywa kitu, lakini…" Hiyo "lakini" kaniachia hapa uani, wala hakurudi kuichukua.

Chiriku: Na Mama Saluni? Si mwanawe ndiye yule aliyekuwa akiona beseni anapiga mayowe?

Shangazi: Ndiye! Na Dada Mrefu huyo huyo ndiye aliyekuwa anamwingiza majini kila Jumamosi, kidole kwa kidole, mpaka leo mtoto anapiga mbizi kama chura. Nikamkumbusha. Akanijibu, "Wageni hawa wanatuletea mambo yao." Nikamwambia, mgeni wa wiki mbili tunamchekea mpaka taya zinauma, hata akitembea na kichupi barabarani tunageuza shingo. Huyu aliyekaa, akajifunza kuamkia wazee, ndiye wa kuchunguliwa dirishani?

Chiriku: Umesema kweli, shangazi.

Shangazi: Kweli yangu haikufika mbali. Akanigeukia mbele ya wote: "Basi na wewe, huyo ndiye aliyekukogesha! Mwanamume kakukogesha!" Sauti ya mnada, Chiriku. Jirani wa pili akafungua dirisha.

Chiriku: Pole. Pole sana.

Shangazi: Nilipovunjika mkono, nani alikuja kunikogesha? Wewe?

Chiriku: Nilikuwa na zamu, sha—

Shangazi: Wiki sita. Alinifulia, alinisuka nywele, tena vibaya, upande mmoja ukawa kama paa limepeperushwa. Nikatoka nazo hivyo hivyo nisimvunje moyo.

Chiriku: Kwani wewe… ulikuwa unajua?

Shangazi: Kuna maswali mtu mzima hayaulizi. Mwaka juzi alishikwa na homa, nikamkanda kwa maji siku tatu. Baada ya hapo mimi sikuwa na la kuuliza na yeye hakuwa na la kuficha. Alipopata fahamu aliniangalia, akasema, "Shangazi." Nikamwambia, "Kunywa supu." Mazungumzo yetu yote juu ya jambo hilo ndiyo hayo. Hatujayarudia.

Chiriku: Sasa kama wewe humfukuzi, kwa nini— haloo? Unanisikia?

Shangazi: Unakatika katika. Sogea.

Chiriku: Nasema, kwa nini aondoke?

Shangazi: Wamama wamesema saa kumi wanarudi na waume zao. Lakini hilo silo linalomtoa. Hao angewasubiri, namjua. Anaondoka kwa sababu anaamini ni mimi.

Chiriku: Wewe?

Shangazi: Pasi ile alimpa nani? Alinipa mimi. Kila mwaka mwenye nyumba anapeleka nakala ya pasi ya mgeni wake ofisi ya uhamiaji. Mwaka wa kwanza alikwenda kuitoa nakala mwenyewe, vijana wa fotokopi wakapokezana pasi yake kama karata. Alirudi hapa hana rangi. Tangu siku hiyo hunipa mimi, mkono kwa mkono, bila neno. Sasa anaona nini? Anaona kikulacho ki nguoni mwake, na nguo yenyewe ni mimi.

Chiriku: Shangazi…

Shangazi: Na juzi mimi mkono ulikuwa unauma. Nikampa nani aipeleke, bila yeye kujua?

Chiriku: Mimi.

Shangazi: Nikakwambia nini?

Chiriku: Nitoe nakala moja. Niifunike kwenye gazeti. Nirudishe jioni ile ile.

Shangazi: Endelea.

Chiriku: Ngoja nikueleze, usikasirike. Huku mapokezi mgeni akifika hatuendi kwenye mashine ya fotokopi. Tunaipiga picha pasi yake kwa simu ya mkononi ya mapokezi, ile ya hoteli, tunatuma kundi la ofisi, wao wanatoa nakala. Kila siku, pasi ishirini, thelathini. Mkono umezoea. Na simu ile ile ndiyo imo kwenye kundi la wamama, kwa sababu bwawa ni la kwetu, likifungwa kusafishwa sisi ndio tunawatangazia. Makundi yamepangana, moja juu ya jingine. Nikabonyeza. Niliposhtuka nikafuta, lakini walikuwa wameshaiona.

Shangazi: Kwa hiyo ni ajali.

Chiriku: Ajali tupu, shangazi.

Shangazi: Nimekuelewa.

Chiriku: Asante. Nilikuwa naogopa uta—

Shangazi: Swali moja. Chini ya picha kulikuwa na vile vikatuni vitatu, vinavyocheka mpaka vinatoa machozi. Navyo hivyo huwa mnatuma ofisini?

Chiriku: (kimya)

Shangazi: Nasikia mashine tu.

Chiriku: Haikuwa ya kundi lile.

Shangazi: Najua haikuwa ya kundi lile. Ilikuwa ya nani?

Chiriku: Ya mtu mmoja tu. Mwenzangu wa zamu ya jioni. Tu… tucheke kidogo.

Shangazi: Ehe.

Chiriku: Nilishtuka, shangazi! Dada Mrefu namjua. Amenifundisha kuelea, mimi mtu mzima, bwawa likiwa tupu watu wasinione. Alinishika hapa mgongoni, akawa ananiambia, "Kichwa nyuma, kichwa nyuma." Halafu nikafungua ile pasi, nikaona, na nikacheka. Sijui hata kwa nini. Hakikuwa kitu cha kuchekesha.

Shangazi: Ulicheka kwa sababu ulishika kitu ambacho wenzako hawana, ukataka kukionyesha. Ulivyokuwa na miaka minne ndivyo ulivyo. Ndiyo maana nilikuita Chiriku. Siku hizo nilikuwa natania.

Chiriku: (analia) Kwa nini hukumwambia ni mimi? Ungesema tu, "Ni mtoto wa kaka yangu."

Shangazi: Nimesimama hapa tangu saa nne na neno hilo mdomoni. Nikikutaja, nimemtupa mtoto wa kaka yangu. Nikinyamaza, nampoteza huyu aliye ndani. Nikasema, ngoja, atapiga mwenyewe. Saa tano kimya. Saa sita kimya. Saa saba nikaanza kuchukia kila henga inayogonga.

Chiriku: Meneja anatafuta aliyeshika simu siku ile. Akijua, sina kazi.

Shangazi: Huenda.

Chiriku: Huenda? Shangazi, ndio kwanza nina mwaka kazini!

Shangazi: Sitakudanganya, mwanangu. Huenda ukafukuzwa. Sasa hivi anafungasha lile begi lake la kijani. Unalikumbuka? Zipu yake haifungi mpaka mtu alikalie. Kila akisafiri mimi nalikalia, yeye anavuta, tunacheka kama wendawazimu. Leo kaniita mara moja tu: "Shangazi, begi." Nikamwambia leo silikalii. Ndipo akafunga mlango kwa ufunguo.

Chiriku: Mpe simu.

Shangazi: Nimekwambia kafunga.

Chiriku: Basi weka spika. Iweke sakafuni, pale chini ya mlango penye upenyo. Atasikia.

Shangazi: Mtandao wenyewe huu wa kukohoa… Utasema nini?

Chiriku: Sijui. Weka kabla sijaogopa.

Shangazi: Haya, nainama. Magoti haya jamani… Sema. Iko chini.

Chiriku: Dada Mre— ngoja. Ngoja, shangazi.

Shangazi: Nini tena?

Chiriku: Mashine zimesimama. Zote. Dobi yuko hapa, na akina dada wawili wa kupiga nguo pasi. Wananiangalia. Nikisema sasa hivi hoteli nzima itajua.

Shangazi: Yeye walimsema mbele ya nani?

Chiriku: Dada Mrefu. Ni mimi, Chiriku. Unanisikia? Shangazi hakufanya kitu. Alinipa pasi yako niifunike kwenye gazeti. Mimi ndiye niliyeipiga picha. Mimi ndiye niliyeituma. Nilikosea watu wa kuwatumia, lakini kutuma sikukosea, nilitaka. Nilitaka mtu acheke na mimi. Sikuombi unisamehe. Shangazi usimwondokee kwa ajili yangu. Kama kuna mtu wa kumwondokea ni mimi. Dada Mrefu? Shangazi, amesikia? Mbona kimya?

Shangazi: Nyamaza kidogo.

Chiriku: Henga je? Bado zina—

Shangazi: Nyamaza, Chiriku. Zimeacha kugonga.

Chiriku: Nasikia sauti. Anasema nini? Sijaelewa, inakwaruza.

Shangazi: Ngoja… Sema tena, mwanangu, nipo hapa… Ehe… Haya, nitamwambia.

Chiriku: Anasemaje? Amekasirika?

Shangazi: Unataka aimbe? Amekasirika. Anasema begi halijafungika. Anasema, "Mwambie aje alikalie yeye."

Chiriku: Mimi?

Shangazi: Wewe.

Chiriku: Kwa hiyo bado anaondoka.

Shangazi: Mimi nakupa maneno yake kama alivyonipa. Ila nikuongezee moja: ufunguo umezungushwa. Mlango haujafunguka, lakini ufunguo nimeusikia. Sasa ni saa nane na nusu. Kutoka hapo mpaka hapa ni mwendo wa dakika ishirini, ukikimbia kumi na tano.

Chiriku: Na Mama Saluni na wenzake wakinikuta hapo?

Shangazi: Vizuri sana. Wana simu, watupige picha wote.

Chiriku: Na zamu yangu?

Shangazi: Chiriku.

Chiriku: Nakuja. Nakuja, shangazi. Ila… shangazi, dobi ananionyesha vidole, salio linakwisha. Nikifika, nikikataa kulikalia, je? Nikisimama tu hapo kama ulivyosimama wewe?

Shangazi: Hilo sasa ndilo nili—

(simu inakatika)

Chiriku: Haloo? Shangazi? Haloo? Kaka dobi, nisamehe, nimekumalizia salio. Shika simu yako. Hapana, msinifiche, na meneja akiuliza mwambieni mlichosikia. Huo mlango wa nyuma umefungwa? Nifungulie.