Umeona Wapi? Historia ya Mwalimu Naftali Onchiri Mageto na Kalamu Yake Nyekundu

Wachungaji wetu, wazee, walimu, majirani wa hapa Sotik, nanyi mliotoka Kiptere, Sosiot na ng'ambo ya mpaka wa kaunti, marehemu mwenyewe alituachia amri moja, kwamba siku ya leo lisisomwe neno lolote la sifa ambalo familia haiwezi kulitolea ushahidi, na kwa sababu hiyo, tunaomba radhi mapema, historia hii imekuwa fupi kuliko alivyostahili na ndefu kuliko chakula kinavyoweza kungoja.

Mwalimu Naftali Onchiri Mageto alizaliwa tarehe 14 Machi 1963, katika nyumba za wafanyakazi za shamba moja kubwa la chai nje ya mji wa Kericho, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Mageto Nyaberi na Mama Bochaberi, waliokuja kutoka milima ya Kisii na godoro moja, sufuria mbili na nia ya kuchuma chai mwaka mmoja tu kisha warudi nyumbani, mwaka ambao haukuisha mpaka wote wawili walipostaafu. Inasemekana alizaliwa akilia kwa sauti ya mtu anayepinga hoja, lakini hakuna shahidi wa hilo aliye hai, kwa hiyo tumelifuta.

Alianza masomo mwaka wa 1970 katika shule ya msingi ya hapo shambani, na jioni akawa anamsomea mama yake vipande vya magazeti vilivyofungia nyama, naye mama, aliyekuwa akipepeta wimbi bila hata kuinua kichwa, alimkatiza kila mara kwa kumuuliza, "Huyo aliyeandika, aliona wapi?" Mtoto akikosa jibu aliambiwa arudie kusoma, na kama jibu limebaki kwenye kipande kilichoendea nyumba ya jirani, basi aende akalitafute huko, kazi aliyoifanya kwa bidii kwa sababu huko pia kulikuwa na nyama.

Alifanya mtihani wa darasa la saba mwaka wa 1976, akamaliza kidato cha nne mwaka wa 1980 na cha sita mwaka wa 1982, kisha akajiunga na chuo cha ualimu, alikohitimu mwaka wa 1985 katika Kiswahili na Historia, na Januari 1986 akapelekwa kufundisha katika shule ya upili ya kutwa iliyo nje kidogo ya soko la Kiptere, akiwa na suruali mbili, koti la mjomba wake na kalamu nyekundu, ambayo ndiyo peke yake iliyomtosha.

Mwaka wa 1990 Mwalimu alimwona Caren Chepkemboi, karani wa kituo cha kununua majani chai huko Sosiot, msichana aliyekuwa akirudisha majani magumu bila kujali kama ni ya chifu au ya shangazi yake mwenyewe, akamwandikia barua akimwambia kuwa yeye ni mrembo kuliko wasichana wote wa Belgut. Barua ilirudi kesho yake ikiwa na mstari mmoja chini, "Wote umewaona?" Mwalimu alikaa kwenye nyasi akacheka mpaka watu wa foleni ya chai wakadhani amepatwa na habari mbaya, na hapo ndipo alipojua amepata mke. Wazee wa Sosiot walipomuuliza, yeye Mkisii na binti yao Mkipsigis, nyumbani watakuwa wakizungumza lugha gani, alijibu, "Tutabishana kwa Kiswahili, wazee wangu," na hilo lina ushahidi wa miaka thelathini na mitatu, majirani wa pande zote mbili za ua wako hapa. Walifunga ndoa takatifu tarehe 14 Desemba 1991, wakajaliwa watoto wawili, Mongina, aliyezaliwa tarehe 6 Juni 1993, na Kipngeno, aliyezaliwa tarehe 20 Septemba 1996.

Sasa tufike kwenye kazi. Mwalimu alifundisha fasihi, na hasa ile insha ya alama ishirini, ambapo mwanafunzi hupewa kauli kuhusu mhusika wa kitabu naye hutakiwa kuitetea au kuipinga, hoja kwa hoja, kila hoja na mfano wake kutoka kitabuni. Kwa miaka zaidi ya ishirini alifundisha jinsi wengi walivyofundisha, yeye anaeleza, watoto wanaandika, watoto wanakariri, mtihani unapita, kila mtu anapiga makofi, mpaka muhula wa pili wa mwaka wa 2009 ulipompindua.

Darasa lilikuwa kidato cha tatu, na Mongina wake alikuwa humo, dawati la pili karibu na dirisha. Walikuwa wakisoma tamthilia yenye mjane mmoja na ng'ombe wake, na Mwalimu, akiitegemea kumbukumbu kwa sababu asubuhi hiyo mvua ilimlowesha vitabu, akawaeleza kwa madaha kwamba mjane ni mtu mwenye tamaa, kwani katika onyesho la tatu alimuuza ng'ombe wa watoto yatima. Wiki iliyofuata akawapa insha, vitabu vikiwa wazi juu ya madawati, na wanafunzi arobaini na wawili wakaandika kwamba mjane ana tamaa, kwani alimuuza ng'ombe. Msichana mmoja tu, Chelangat, binti wa Kiptere, aliandika kwamba mjane hakuuza kitu chochote, ng'ombe aliibwa na shemeji yake wakati mama wa watu yuko mtoni, na Mwalimu, kwa mkono wake mwenyewe, akaipiga insha yake mkasi mwekundu wa kosa kuanzia juu hadi chini na kumwandikia pembeni, "SOMA KITABU!"

Chelangat alikuja chumba cha walimu wakati wa chai, walimu wote wakiwa na mandazi mdomoni, akaweka tamthilia mezani, akaifungua, akasema, "Mwalimu, mimi nimesoma. Labda ni wewe." Mwalimu mkuu, Bwana Oyaro, alisimama nusu akitafuta kiboko ambacho serikali ilikuwa imekwisha kukiondoa, lakini Mwalimu Naftali alisoma ukurasa ule, akausoma tena, akavua miwani, akasema, "Maskini mama wa watu, nimemharibia jina." Kesho yake kwenye paredi, mbele ya bendera na wanafunzi wote, alijitangazia sifuri kwa ishirini na kumwomba mjane msamaha, na shule nzima ikashangilia kama timu yake imefunga bao.

Lakini sisi wa nyumbani tunajua kwamba jioni ile hakucheka. Kukosea hakukumuuma, alikuwa ameoa mtu anayemkosoa kila siku, kilichomuuma ni wale arobaini na wawili waliokuwa na ukurasa mbele ya macho yao wakamwamini yeye. Akamwita Mongina, ambaye tamthilia ile waliisoma pamoja mara mbili jikoni, yeye akiwa shemeji na mtoto akiwa mjane, akamuuliza kama alijua kwamba ng'ombe aliibwa, na mtoto akasema alijua. "Sasa mbona uliandika ameuzwa?" Mongina akajibu, "Si ni wewe ulisema, baba." Caren anasema mume wake alirudisha kikombe cha chai mezani bila kukionja, akasema, "Mama Mongina, nimefuga kasuku, hata huyu wa kwangu," na neno hilo hakulisahau maisha yake yote.

Tangu hapo alipiga marufuku maneno "kama mwalimu alivyosema." Kila Jumatatu aliandika ubaoni kauli moja ya uongo kuhusu kitabu, akaketi, akangoja, na darasa likiikubali linafagia uwanja, likiipinga kwa ushahidi anafagia yeye, na wapo hapa watu wazima wenye vitambi waliomwona akifagia akiwa na tai shingoni. Alikataa kuwaambia yeye anamwonaje mhusika yeyote, akiulizwa anauliza, "Wewe umeona nini, na umeona wapi?" Mwaka wa kwanza alama zilishuka, hatufichi, kisha zikapanda kiasi cha kuwanyamazisha waliotaka kunyamazishwa. Ila maisha ya shule yalikuwa magumu, Bwana Oyaro akalalamika kwamba sasa akitangaza kuwa githeri ina maharagwe watoto wanamuuliza ameyaona wapi, na mama mmoja alifika getini amefura, akasema, "Mwalimu, nimemwambia kijana wangu ni mvivu, ananiuliza hoja ya pili iko wapi!" Mwalimu akamwuliza kwa upole, "Na ulimpa?" Yule mama akahesabu kwa vidole, akasema alimpa nne.

Mwaka wa 2011 alihamishiwa Sotik, akajenga hapa mnapoketi, akafundisha mpaka alipostaafu tarehe 14 Machi 2023. Mongina alisoma, akawa mtaalamu wa maabara huko Bomet, binti mtiifu ambaye hata ukubwani hakumpa baba yake jibu lolote ila "ndiyo, baba," na kila alipolitamka, Mwalimu alimtazama kama mtu anayetazama shimo kwenye koti jipya.

Mwezi wa Novemba 2024 Mwalimu alianza kusumbuliwa na chakula kukwama kooni, akapelekwa hospitali, ikagundulika kuwa ni saratani ya umio, ugonjwa ambao watu wa upande huu wanaujua kuliko wanavyotaka. Alitibiwa Kericho na baadaye katika hospitali ya misheni, sauti ikapungua mpaka ikawa mnong'ono, na mwezi wa Julai mwaka huu akamwambia Mongina aandike historia hii, kwa sababu anataka kuisahihisha. Caren alipandwa na hasira, akasema, "Baba Mongina, watu watasema tumekuzika kabla hujamaliza uji!" naye akanong'ona, "Hata uji wenyewe siumalizi."

Basi Mongina akaandika kama historia za mazishi zinavyoandikwa, na baba yake akaomba kalamu nyekundu. Palipoandikwa kwamba hakujua kukasirika, aliandika pembeni, "Muulizeni mbuzi wa Jonah," na Jonah jirani yetu yupo hapa, na anakumbuka mbuzi huyo alivyokula karatasi za mtihani za kidato cha pili akafukuzwa na Mwalimu kwa ndara mpaka barabara ya Kisii. Palipoandikwa kwamba alikuwa mwimbaji hodari kanisani, hakuandika kitu, alichora tu alama ya kuuliza. Na palipoandikwa kwamba alifundisha watu kufikiri, alipiga mistari miwili mizito, akaandika, "Madai. Umeona wapi?" Chini kabisa akaweka alama, nane kwa ishirini.

Mongina aliipokea ile karatasi, akaisoma akiwa amesimama kando ya kitanda cha hospitali, na mama yake, aliyekuwepo, akangoja ile "ndiyo, baba." Badala yake akasema, "Hapo umekosea." Mwalimu akageuza kichwa kwenye mto. Mongina akaendelea, "Hoja ya kwanza ni Chelangat, alikuletea kitabu mbele ya walimu wote, na hukumfukuza, ulijipa sifuri. Hoja ya pili ni kijana wa yule mama wa getini, alimlazimisha mamake atafute sababu nne." Baba akanong'ona, "Chelangat alikuja hivyo kutoka kwao, sikumfundisha mimi. Na hoja mbili hazitoshi." Mongina akavuta kiti, akaketi, akamwangalia usoni, akasema, "Ya tatu ni mimi. Uliandika uongo kwenye karatasi yangu, na mimi nimeupinga, na siufuti hata ukinipa sifuri." Mwalimu akauliza, "Umeona wapi?" Naye akajibu, "Hapa. Sasa hivi, baba."

Mwalimu alicheka bila sauti, mabega tu, mpaka muuguzi akaja mbio akidhani ni mshtuko, kisha akaomba kalamu, akafuta ile nane, akaandika kumi na saba. Caren, karani wa majani chai mpaka leo, akadai kujua tatu zilizobaki zimekwenda wapi, naye akasema ni za hitimisho, na hitimisho la historia hii hawezi kulisahihisha yeye. Aliaga dunia siku ya Jumamosi, tarehe 9 Agosti 2025, saa kumi na moja alfajiri, Mongina akiwa amemshika mkono. Ameacha mjane, Caren, ambaye tunathibitisha kuwa hajauza ng'ombe wa mtu yeyote, watoto wawili na wajukuu watatu, mmoja wao akiwa ameshaanza kuuliza maswali yasiyo na heshima.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtibu bila kuchoka na waliovumilia kuulizwa ushahidi wa kila kidonge, majirani waliochota maji, kupasua kuni na kulala nasi, akiwemo Jonah pamoja na ukoo wote wa yule mbuzi, walimu wenzake wa Kiptere na Sotik, Bwana Oyaro, ambaye ameketi mbele akishuku githeri, na Chelangat, ambaye amefunga duka lake la dawa za mifugo Kiptere ili awe hapa, na ambaye asubuhi ya leo alisoma historia hii kabla yenu akasema ina kosa moja, kwamba hakuweka kitabu mezani, alimwekea Mwalimu mkononi. Tunarekebisha papa hapa mbele ya wote, dada yetu, na wewe ndiye alama ya kumi na nane.

Mbili zilizobaki ziko mikononi mwenu mliokaa hapa, mkitoka kaburini mkanywe chai, na yeyote atakayekuwa amesikia humu neno asilolikubali aje alipinge, mbele ya Mongina, na asije mikono mitupu.

Pumzika kwa amani, Mwalimu, tumekuona, na tunajua ni wapi.