Mlinzi Aliyeondolewa kwa Muda: Maisha ya Regula Stettler, wa Ukoo wa Habegger

Mchungaji, shemeji Jürg na watoto, ndugu wa Trubschachen na mliotoka Biel, walimu wenzake, na nyote mliofika kanisani hapa huku theluji haijaondolewa barabarani, mimi Niklaus, mdogo wake marehemu, nimetumwa na familia kuwasomea maisha ya dada yangu, na niseme mapema kwamba sehemu kubwa ya maneno haya ni yake mwenyewe, aliyaandika akiwa kitandani, akayasahihisha mara tatu, kisha akampa mtu mwingine ayakague, kwa kuwa hakuamini karatasi iliyopita mikononi mwa mtu mmoja tu, hata mikono hiyo ikiwa yake.

Regula alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 hapa Trubschachen, mtoto wa kwanza wa Gottlieb Habegger, mtengeneza jibini wa kijiji, na mkewe Klara, na wazee mliopo mnakumbuka kwamba baba yetu hakupokea ndoo ya maziwa bila kuyapima kama yametiwa maji, hata maziwa ya kaka yake wa tumbo moja, jambo lililofanya baba mkubwa asikanyage kwetu kwa miaka miwili. Katika nyumba hiyo tulijifunza kuhesabu mayai yaliyoingia na kuuliza nani ameyahesabu.

Alianza shule ya msingi hapa hapa mwaka 1958, na alipokuwa darasa la tatu alimwambia mwalimu kwamba jibu lililo nyuma ya kitabu cha hesabu si sahihi, mwalimu akamwambia, "Kitabu hakikosei, mtoto," naye akauliza, "Nani alikikagua?" na akasimamishwa kwenye baridi mpaka kipindi kikaisha, ingawa jibu la kitabu kweli lilikuwa na kosa. Aliendelea na sekondari Langnau, kisha Burgdorf, na kuanzia 1971 hadi 1977 alisoma hisabati chuo kikuu mjini Bern, wasichana wakiwa watatu katika ukumbi mzima.

Tarehe 8 Septemba 1979 alifunga ndoa na Jürg Stettler, mwalimu wa useremala wa Köniz, wakajaliwa watoto wawili, Barbara mwaka 1981 na Simon mwaka 1984.

Mwaka 1983 aliajiriwa na kampuni ndogo iliyoitwa Rebhalde, mtaa wa Länggasse, Bern, ambayo leo haipo, na hapo ndipo alipofanya kazi iliyomtambulisha kwa wenzake wa fani yake duniani, ijapokuwa sisi nyumbani hatukuielewa. Alinieleza siku moja nikiwa nasugua jibini ghalani, na nitaisema kama alivyonieleza. Kuna lugha za kuandikia programu ambazo hazimlazimishi mwandishi kutangaza mapema kwamba kitu hiki ni namba na kile ni neno, ni lugha nyepesi kwa mwandishi lakini mzigo kwa kompyuta, maana kila mara inabidi ijiulize imepewa nini. Regula alijenga mashine pepe, yaani kompyuta isiyo ya chuma, iliyoandikwa tu, inayoishi ndani ya kompyuta ya kweli, na ndani yake mna wafanyakazi wawili. Wa kwanza ni mkalimani, husoma mstari kwa mstari, ni mwaminifu lakini hana haraka. Wa pili ni kompaila, hukaa pembeni akitazama ni sehemu gani inayorudiwa rudiwa, kisha huigeuza sehemu hiyo mara moja kuwa amri za chuma chenyewe, ikakimbia mara hamsini zaidi.

"Anajuaje kwamba kitakachokuja kesho ni kama cha jana?" nilimuuliza.

"Hajui. Anakisia."

"Akikosea?"

"Ndiyo maana kila kisio lina mlinzi mlangoni. Ikija namba isiyo ya aina iliyotarajiwa, mlinzi anaizuia na kazi inarudi kwa mkalimani. Usiliruhusu kisio lipite bila mlinzi, Niklaus. Huo ndio ufundi wote."

Mwaka 1986 kampuni ilimleta Beat Tschannen, kijana wa Biel, wakawa wawili katika chumba kimoja, yeye akishika mashine pepe na dada akishika kompaila, na kwa miaka sita walifanya kazi mpaka Jumapili, hata shemeji Jürg akanijia ghalani akaniuliza bila kuzunguka, "Shemeji, huyu Beat ni nani hasa kwa dada yako?" Nikamjibu kwamba ni mtu anayebishana naye. Hakuniamini, na kusema kweli mimi mwenyewe sikuwa na hakika. Jürg ameniruhusu nilisome hili.

Tarehe 9 Oktoba 1992, katika bwawa moja la umeme kule Oberland, programu iliyotumia mashine yao ilijumlisha maji yaliyoingia ikapata jibu chini ya sifuri, milango ikafunguka bila king'ora, na watu wawili waliokuwa wakipima mawe mtoni walisombwa, mmoja akaokolewa mzima, mwingine, Bwana Werner Abplanalp, alikatwa mguu wa kushoto. Kwa wiki saba Regula na Beat walilitafuta kosa hilo wasilione. Kila walipoiwasha programu kwa kuichunguza hatua kwa hatua ilihesabu sawasawa, wakiondoa uchunguzi na kuiacha ikimbie siku mbili, inakosea tena. Leo wanafunzi wake wanajua sababu, ikichunguzwa inapita kwa mkalimani na kompaila hapati nafasi ya kuigusa, lakini wakati huo dada yangu aliliona kosa linalojificha likitazamwa, akasema kosa la namna hiyo lina akili, na lenye akili lina mwenyewe.

Akaanza kumtilia shaka Beat. Beat alikuwa na ufunguo, Beat alionekana ofisini Jumapili ambayo dada hakuwepo, Beat alikuwa amegombana na mkurugenzi kwa sababu jina lake lilisahaulika kwenye makala moja. Dada akawa anafunga droo yake, akaandika programu ndogo ya kumwonyesha kila asubuhi ni mistari gani Beat ameigusa jana, akawa hanywi hata kahawa naye. Nyumbani nako hali ikawa hiyo hiyo, Jürg akichelewa dakika ishirini anaulizwa, mpaka siku moja mbele yangu alisema, "Regula, hapa ni kwangu au ni mpakani?"

Mwezi Januari mkurugenzi alimwita akamuuliza kama kosa hilo linaweza kuwa limepandwa kwa makusudi. Alijibu, na maneno haya ametaka yasomwe kama yalivyo, "Ushahidi sina, ila simwoni mtu mwingine." Ilitosha. Tarehe 29 Januari 1993 Beat Tschannen aliondolewa kazini, na habari ikamtangulia kila alikoomba kazi, kwa kuwa fani yenyewe ni ndogo na Uswisi ni ndogo zaidi. Akivaa koti mlangoni alimwambia dada, "Ulikagua kila mstari wangu. Wako nani aliukagua?" Yeye akadhani ni kejeli ya mtu aliyekamatwa.

Kampuni ilifungwa mwaka 1997, na dada akaenda kufundisha chuo cha ufundi mjini Biel, alikodumu hadi alipostaafu mwaka 2013.

Machi 2001 alikuwa akitupa makaratasi ya zamani kutoka ghala la nyumba yake, akakuta nakala iliyochapwa ya mistari ya kompaila, ya tarehe 17 Mei 1990, siku ambayo wateja walikuja kuonyeshwa kasi ya mashine, na katika ukurasa wa 212, pembeni mwa mstari uliofutwa kwa kalamu nyekundu, palikuwa na mwandiko wake, "Mlinzi ameondolewa kwa muda. R. S." Ni yule mlinzi wa kuangalia kama jumla imezidi ukubwa wa nafasi yake. Alikuwa amemwondoa ili mashine iende kasi siku moja tu, na hakumrudisha. Jumla ilipofurika, chuma kiliikata na kuigeuza kuwa hasi, na hakuna aliyekuwa mlangoni.

Alikuja kwangu siku hiyo hiyo akiwa na ukurasa huo ndani ya mfuko wa mkate. Nilisoma, nikamwambia, na hili si yeye aliyeliandika, nimeliongeza mimi, "Dada, miaka minane imepita. Yule ameshapata maisha mengine. Ukifukua, utawafukua na watoto wako. Chama." Nilitaka kusema choma, ulimi ukakwama, lakini alinielewa. Hakuichoma, ila alinyamaza kwa miaka mitatu na miezi saba, na kwa muda wote huo alinitazama mezani kama mtu anayejiuliza ni nini kingine ninachoweza kuficha, na mimi nikamtazama hivyo hivyo. Kwa ukimya huo nami nina sehemu yangu, na Bwana Tschannen yupo hapa ananisikia.

Tarehe 23 Oktoba 2004 aliniambia nimsindikize. Beat alikuwa na duka la kutengeneza baiskeli mjini Biel, nyuma ya stesheni, na alikuwa ananyoosha gurudumu tulipoingia. Dada hakuketi. Alimwekea ukurasa juu ya meza ya kazi, katikati ya spana, akasema, "Ni mimi. Ukurasa mia mbili kumi na mbili."

Beat hakuugusa. Alilizungusha gurudumu mara moja zaidi, akasema, "Najua. Tangu tisini na nne."

"Unajuaje?"

"Nilikuwa na nakala yangu."

Dada yangu, Mungu amrehemu, akauliza, "Kwa hiyo kweli ulikuwa unatoa vitu ofisini?"

Nilitamani sakafu inimeze. Beat akaanza kucheka, akacheka mpaka akaweka spana chini, na dada hakucheka, alikuwa anasubiri jibu. "Ndiyo," Beat alisema mwishowe. "Hilo moja ulipatia."

"Kwa nini hukusema?"

"Nimwambie nani? Mtuhumiwa anamnyooshea kidole aliyemtuhumu. Wewe ungeniamini?"

"Nisingekuamini," alisema dada.

Kabla ya mwisho wa mwaka huo aliandika barua kwa wenye bwawa, akaandika katika jarida la fani yake kwa jina lake kamili, kosa likiwa na tarehe na ukurasa, na akaenda mwenyewe mpaka Meiringen kwa Bwana Abplanalp, ambaye alimpokea mlangoni, akamsikiliza akiwa amesimama kwa mguu wake mmoja na gongo, kisha akafunga mlango. Dada alisema huyo naye alikuwa na haki yake. Watu fulani chuoni walimwambia kwamba amejiaibisha bure, wengine wakanong'ona kwamba lazima Beat ana kitu anachomtishia nacho, na nyumbani Jürg alimwambia, "Basi na mimi nisamehe, nilikudhania mengine," wakaketi jikoni wakahesabiana walivyodhaniana, orodha ikawa ndefu kuliko walivyotegemea.

Kuanzia mwaka 2005 hadi 2016, kila Jumamosi, Regula na Beat walijenga mashine nyingine pepe na kompaila yake nyuma ya duka lile la baiskeli, wakaiachia dunia nzima bure, na sheria yao ilikuwa moja, hauingii mstari ambao mwenzako hajaukagua. Niliwahi kukaa nao asubuhi moja. "Hapa sikuamini," anasema Beat. "Vizuri, na mimi pale sikuamini," anajibu dada. Walikuwa wakiambiana hivyo kama watu wengine wanavyoombana chumvi, na sikuwahi kumwona dada yangu akiwa ametulia namna ile mahali pengine.

Aprili 2022 alianza kupungua uzito na kuumwa tumbo, akapimwa, ikaonekana ni saratani ya kongosho. Alitaka kipimo kirudiwe kwingine, kikarudiwa, jibu likawa lile lile, akasema sasa anaamini. Alitibiwa kwa miezi kumi, na Jumanne tarehe 7 Februari 2023, saa nne asubuhi, alifariki nyumbani Köniz, Jürg, Barbara na Simon wakiwa naye, akiwa na umri wa miaka sabini na moja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliovumilia maswali yake, majirani wa Köniz walioleta supu na kukubali kuulizwa imewekwa nini, walimu na wanafunzi wake, na Bwana Beat Tschannen aliyempeleka hospitali kila wiki.

Limebaki jambo moja. Mtu ambaye dada alimpa karatasi hizi azikague ni Beat, naye alirekebisha tarehe mbili na jina moja. Kisha ukurasa wa mwisho, dada alikuwa ameandika, "Beat amenisamehe." Beat ameikata sentensi hiyo kwa mstari, na pembeni ameandika, "Hilo sijawahi kulisema." Chini yake, kwa mkono wa dada, imeandikwa, "Marekebisho yamekubaliwa. R. S."

Leo asubuhi, mlangoni mwa kanisa hili, nilimwonyesha Beat ukurasa huo nikamuuliza niusome vipi. Alivua miwani, akaifuta, akausoma taratibu kuanzia juu, kama wanavyosoma wao. Kisha akanirudishia.

"Soma maandishi yote matatu," alisema. "Usiruke hata moja."

Nimesoma yote matatu. Dada Regula, amani iwe nawe, pumzika.