Moshi wa Kwa Bwana Kiko

Wasikilizaji wapendwa, leo muziki utasubiri. Bertilla amefariki. Amezikwa Mollo, Jumanne. Bertilla, dada yake mzee Zenon. Wengi wenu hamlijui jina hilo. Mnamjua kama mzimu wa Kwa Bwana Kiko.

Kwa Bwana Kiko ni lile gofu la matofali ya kuchoma, ukitoka Mollo. Wakati wa mkoloni ilikuwa baa ya Wazungu. Mwafrika alibeba makreti mpaka barazani, akaishia barazani. Mwenyewe, Mzungu mvuta kiko, alipoondoka, watu wakaiogopa. Walisema wanasikia glasi zikigongana. Hata milango yake haikuibwa, na kwetu mlango hauachwi hivi hivi.

Mwaka sabini na nne ikaja operesheni ya vijiji, kila mtu ahamie kijiji cha ujamaa, atake asitake. Bertilla, mjane, alikuwa ameshainua matuta yake. Kwa ninyi msiolima: Mfipa hufukia nyasi kwenye matuta ya mviringo mvua zikielekea kwisha. Zinaoza humo. Mvua nyingine zikija anayatawanya, anamwaga ulezi. Ukihamishwa katikati, umelimia hewa.

"Nihamisheni nikishavuna," Bertilla aliomba.

Zenon alikuwa balozi wa nyumba kumi. Ndiye aliyepanda juu ya nyumba ya dada yake, akaanza kung'oa nyasi za paa.

"Shuka, kaka, utaanguka," Bertilla alimwambia.

Kijijini hakufika. Haukupita muda, bomba la moshi la Kwa Bwana Kiko likaanza kufuka alfajiri. Watu wakasema Mzungu amerudi, anadai bia yake. Zenon aliuona moshi ule, akajua. Alikwenda mpaka kijitoni, akageuza. Akimtaja, watamtoa dada yake, na yeye atavuliwa ubalozi. Basi akasema ni mzimu. Akalisema kwa sauti kubwa kuliko wote.

"Mzimu gani unakohoa?" mkewe, Cornelia, alimwuliza.

"Wa Kizungu. Baridi yetu hawaiwezi."

Cornelia hakucheka.

Mvua zikanyesha. Matuta yakatawanywa. Ulezi ukaota, ukapaliliwa. Narudia: ukapaliliwa. Kila asubuhi kijiji kizima kilipita kando yake kwenda shamba la ujamaa, kikitazama mbele. Ulipoiva, woga ukatuisha. Tulikwenda mchana, na visu na vikapu, tukavuna. Tulisema shamba la mzimu halina mwenyewe. Tukapikia pombe ya kupokea wageni wa wilaya.

Siku ya wageni, ngoma imekolea, Bertilla akaja. Amekonda, kanga imemchanikia begani, kibuyu mkononi. Akapita katikati yetu mpaka kwa Zenon, aliyeketi na wakubwa.

"Kaka, nimekuja kuonja ulezi wangu."

Mtu akasema, "Mzimu huo." Tukakimbia. Wazee, vijana, wenye kadi za chama. Na hakuna aliyeogopa, wasikilizaji wapendwa. Mtu aliyeogopa harudi kuchukua kata yake ya pombe. Wa kwanza kukimbia alikuwa Zenon.

Cornelia alibaki. Alimjazia wifi yake kibuyu, akakaa naye chini. Bertilla akaonja.

"Mmeipika haraka," alisema.

Tangu siku hiyo aliishi uani kwa Cornelia. Chumba alikijenga Zenon, na paa aliliezeka mwenyewe, nyasi juu ya nyasi. Radhi hakuomba.

"Nilikuwa nangoja aniulize," Zenon alituambia juzi, msibani, akitazama miguu yake. "Hakuniuliza. Kila asubuhi alinisalimu tu. Afadhali angenitukana."

Pole mama Cornelia. Pole mzee Zenon. Poleni ukoo wote, Mollo na Kaengesa. Sisi tuliokunywa ile pombe hatuna wa kutupa pole, wala tusimtafute.

Ukipita kwenye lile gofu, mtoto akakuuliza kama kweli pana mzimu, usimtishe. Mwambie hapo alikaa Bertilla, akilinda matuta yake. Akikuuliza nani alivuna, usitazame mbele. Mjibu.