Mama Wivine Mukuka na fasi yake kando ya mtaro

Tunayemsindikiza leo, Ijumaa tarehe 5 Septemba 2025, ni Mama Wivine Mukuka, muuza samaki wa Kampemba. Alizaliwa Kasenga tarehe 14 Machi 1966, mtoto wa tatu wa Tata Chileshe, aliyekuwa akitengeneza mitumbwi, na Mama Mutale, aliyekausha samaki.

Alisoma shule ya msingi hukohuko Kasenga, akafika mwaka wa pili wa sekondari. Mama yake alipougua, akaacha. Hakupenda mtu amsikitikie kwa hilo. Alisema hesabu aliyokuwa anaihitaji alikuwa ameshaijua.

Mwaka 1987 alifunga ndoa hapa Lubumbashi na Jean-Claude Kabange, mfanyakazi wa reli na mtoto wa mfanyakazi wa reli, mtu wa kaskazini, mpole, ambaye hakujua kabisa kubishana bei. Mama Wivine alibishana kwa wawili. Mungu aliwapa watoto watatu. Baba Jean-Claude alitangulia mwaka 2009.

Samaki alianza kuuza mwaka 1994, kwenye barabara kubwa inayotoka Kampemba kuelekea katikati ya mji: meza moja, mwavuli mmoja, samaki wa Luapula waliokaushwa na mama zake wadogo. Kwa meza ile watoto walivaa, wakasoma, wakaoa na kuolewa. Asiyeijua barabara ile ajue desturi yake: fasi, yaani mahali pa kuweka meza, haina karatasi. Ni ya yule anayeikalia. Ukikosekana wiki nzima bila kutuma mtu wako akae, mwingine anaweka meza, na hakuna kesi.

Mwezi wa Mei 2024 wakaja wachimbaji wa mtaro wa maji ya mvua. Wauzaji wengi walihamia soko la mbali. Kapita, msimamizi wao, kijana aitwaye Clovis, alifika mpaka kwenye meza.

«Mama, hapa tunachimba. Utatoka.»

«Munachimba mbele yangu ao chini yangu?»

«Mbele.»

«Basi miye niko nyuma. Chimba, mutoto yangu.»

Wakachimba. Wateja wakabaki ng'ambo, shimo katikati, malori yakipita na vumbi jekundu likilala juu ya samaki. Mama Wivine akamwita tena kapita, akamuuliza watu wake wanakula nini saa sita. Mikate mikavu, akajibiwa. Hapo wakapatana: yeye atawapikia bukari, yaani ugali, na samaki, wao watamlazia mbao mbili juu ya mtaro na kuzirudisha kila zinaposogezwa. Mapatano yale yalidumu. Wachimbaji walimwita mama mkwe, wakilalamika kwamba bukari yake inawafanya wasinzie shimoni. Naye aliwaambia wasinzie, mradi mbao zisisinzie.

Lakini alichoka. Hilo lisemwe. Mvua zilipokuja kazi ikasimama, mtaro ukajaa maji, na siku nyingine alirudi nyumbani hajauza hata samaki mmoja. Miguu ilivimba. Daniella, mdogo wake, alimwambia dada yake mkubwa, «Yaya, acha. Unachunga matope.»

«Ninachunga fasi ya Deborah,» alijibu. Deborah ni kifungua mimba wake, mjane tangu 2022, na hana kazi nyingine.

Aprili mwaka huu figo zilianza kukataa. Mwezi wa Juni alilazwa, na Deborah akakaa mezani. Kila jioni swali lilikuwa moja: «Nani aliikala pale leo?» Deborah alijibu, «Ni miye, mama.» Ilikuwa kweli nusu. Wachimbaji walikuwa wamekuta bomba la maji, ikabidi mstari wa mtaro usogezwe, na ulipita palepale meza ilipokuwa. Deborah alikuwa akikaa nyuma, juu ya lundo la udongo, sinia la samaki magotini. Familia ilibishana. Daniella alitaka aambiwe. Deborah alikataa, akisema habari ile itamuua.

Mwisho wa Julai kapita Clovis alikwenda kumtazama hospitalini. Mama Wivine hakumwuliza habari ya nyumbani.

«Kapita, fasi yangu iko?»

Clovis alimtazama Deborah, akatazama chini. «Mama, mutaro umepita pale.»

Deborah akaanza kulia, mama yake akamwambia atoke au anyamaze.

«Sasa mutaufunika na nini?»

«Na beton, mama. Dale kubwa.»

«Iko nguvu?»

«Gari inaweza kupanda.»

«Basi meza itakaa juu yake. Wakati wa mvua miguu ya mutoto wangu itakuwa mikavu. Anza kufunika pale, na Deborah akae siku hiyohiyo. Bukari bado ninyi munakula?»

«Deborah anapika, mama.»

«Anatia chumvi mingi. Muvumilie.»

Dale ile, bamba la zege, iliwekwa tarehe 20 Agosti, ya kwanza katika mstari wote, na meza ikapanda juu yake kabla ya saa sita. Mama Wivine aliambiwa jioni. Aliuliza kama haitikisiki. Alipojibiwa kwamba haitikisiki, akageukia ukuta akalala. Aliaga dunia Jumanne tarehe 2 Septemba, alfajiri, baada ya kupewa mpako wa wagonjwa.

Ameacha watoto watatu: Deborah, David na Sephora, wajukuu saba, mdogo wake Daniella na kaka yake Dominique wa Kasenga. Familia inawashukuru jumuiya ya parokia, wauguzi, na wauzaji wa barabara. Kapita Clovis hatumwoni hapa makaburini. Ndugu wote tumekuja kuzika, na wapo wauzaji wengine waliokuwa wameanza kuitamani ile dale. Clovis ameomba yeye mwenyewe kukaa pale mezani, aichunge fasi mpaka Deborah arudi kesho asubuhi.

Mama Wivine alichoka sana. Mungu ampokee, apumzike.